Mfereji wa Mama Chambogho

Mfereji hufuata maji, haufuati hofu. Ninyi wanafunzi mlimsikia Dakta Kaniki akisema hivyo wodini asubuhi, mkatazamana. Kumuuliza mkaogopa, mkaja kwangu mimi Sista Hoza, kwa kuwa nimezeeka naye kazini. Basi chanzo chake ni hiki.

Zamani, alipoanza kutoa mfuko wa nyongo kwa matundu madogo, Dakta alimpoteza mama mmoja. Nyongo ilivuja tumboni bila mtu kujua. Tangu hapo kila mgonjwa alitoka na mrija ubavuni, wa kutolea majimaji, awe anauhitaji au hauhitaji. Hatukuhoji. Mimi niliuweka mezani hata kabla ya mikasi.

Ndipo akaja Mama Chambogho, mkulima wa kabichi. Dada yake tulikuwa tumempasua hivyohivyo, na pale mrija ulipopita pakatunga usaha, akalala hapa mwezi mzima. Huyu alikuwa tayari kurudi nyumbani na mawe yake ya nyongo kuliko kuwekewa mrija.

"Baba Daktari," aliuliza, "mrija wa dada ulitoa nini?"

Dakta alifungua faili, akalifunga. "Haukutoa kitu, mama."

"Sasa mlimwekea wa nini?"

"Niliogopa."

Nilidhani mama atamcheka. Hakumcheka.

"Kuogopa si vibaya, mwanangu. Nami naogopa mvua. Lakini kwanza natembea shambani nione maji yanapita wapi. Mfereji hufuata maji, haufuati hofu. Ukichimba pakavu umewafungulia panya njia."

"Na nikiyakuta maji?"

"Si uchimbe? Nani kakukataza?"

Akakubali kupasuliwa. Kesho yake mfuko ulitoka vizuri, nami kwa mazoea nikamnyooshea Dakta mrija. Hakuupokea. Aliosha pale alipokata, akaielekeza kamera, akangoja. Akakagua kimoja kimoja vibanio alivyofungia mishipa, akaosha tena, akangoja tena. Kungoja kulimtoa jasho kuliko kukata. Palikuwa pakavu.

"Rudisha, sista," alisema.

Siku nzima alikuwa akija kumbonyeza tumbo, mpaka Mama Chambogho akamwambia, "Mwanangu, mimi si parachichi." Siku ya pili alitembea mwenyewe hadi getini, dada yake akimfuata na kikapu.

Wiki iliyofuata aliletwa mzee ambaye mfuko wake ulikuwa umeoza, na kishina kilichobaki pale ulipokatwa kilikuwa laini, hakishiki kibanio sawasawa. Safari hii sikunyoosha kitu. Dakta alitazama, akanyoosha mkono yeye. "Hapa pana maji," akasema. Jioni mrija ulileta nyongo, kijani kabisa. Ingebaki tumboni, tungemzika. Alipona.

Msidhani hofu imemtoka. Bado anamkumbuka yule mama aliyempoteza. Mimi naliona hilo kila anaposimama kimya mbele ya skrini. Ila sasa anatazama kwanza, ndipo anaamua. Nanyi mtakapoulizwa kama mrija uwekwe, msikimbilie ndiyo wala hapana. Mfereji hufuata maji, haufuati hofu.