Fisi Aliyejifunga Pembe

Naleta hadithi.
— Ilete.
Ina meno.
— Itutafune.

Hapo zamani za kale, wanyama wa nchi moja walikuwa na kisima kimoja na nyumba moja ya sala. Kisima walikichimba pamoja. Wenye pembe walifukua udongo kwa pembe, wasio na pembe wakauzoa kwa kwato. Jumapili walisali pamoja. Bi Mbuzi aliimba sauti ya kwanza, Bi Kondoo ya pili, na Mzee Punda, mzee wa kanisa, aliongoza ibada kwa sauti yake ile ile mnayoijua.

Mfalme wao Tembo akafa. Ikabidi wachague mwingine. Wakajitokeza wawili, Fisi na Mbweha. Msicheke, ndugu zangu. Hata nyinyi mmewahi kuchagua.

Fisi alijua hapendwi. Akaokota pembe za nyati aliyekufa, akazifunga kichwani kwa kamba ya mkonge, akaenda kwa wenye pembe.

"Ndugu zangu wa damu," akasema, "kisima hiki nani alikichimba? Si sisi wenye pembe? Mbona wasio na pembe wanakunywa kabla yetu?"

Pembe moja ilielekea mbele, nyingine ilielekea nyuma. Wenye pembe wakamtazama, wakasema, "Kweli, huyu ni wetu."

Mbweha naye akaenda kwa wasio na pembe. "Udongo wa kisima hiki nani aliuzoa? Si sisi? Na wale wenzenu wana silaha vichwani. Mnapataje usingizi?"

Wakasema, "Kweli, huyu ni wetu."

Jumapili ya kwanza, Fisi akaja kusali. Hakuwahi kusali tangu azaliwe. Akaketi mbele kabisa. Wakati wa kuomba alifumba macho, wakati wa sadaka aliyafumbua aone kama anaonekana. Akampa Mzee Punda kengele ya shaba. Punda akaivaa shingoni, akatangaza, "Huyu ametumwa na Mungu."

Jumapili ya pili, akaja Mbweha na gunia la pumba. Punda akala, akajifuta mdomo, akatangaza, "Huyu naye ametumwa na Mungu."

Jumapili ya tatu, Punda akachora mstari katikati ya nyumba ya sala. Wenye pembe kushoto, wasio na pembe kulia. "Imeandikwa," akasema, "kondoo watatengwa na mbuzi."

Bi Kondoo akasimama. "Mzee, atakayetutenga ni Mwana wa Mungu, siku ya mwisho. Wewe hiyo fimbo ya mchungaji umepewa lini?"

"Keti, mama," Punda akajibu. "Usilete siasa kanisani."

Bi Kondoo akaketi. Wakasali. Upande huu wakasema, Baba yetu sisi wenye pembe. Upande ule wakasema, Baba yetu sisi tusio na pembe. Huko mbinguni sijui walisikia nini.

Baada ya hapo hakuna aliyemlindia mwenzake watoto. Siku moja mtoto wa Bi Mbuzi akapotea. Wenye pembe wakasema, "Wasio na pembe wamemwua." Siku ya pili mtoto wa Bi Kondoo akapotea. Wasio na pembe wakasema, "Wenye pembe wamelipiza." Siku ya tatu wakapigana kisimani mpaka kingo zikabomoka na maji yakawa tope.

Bi Mbuzi hakupigana. Alikuwa akifuata nyayo za mwanawe. Zikampeleka hadi kwenye kichuguu kikubwa, na hapo akamkuta Bi Kondoo, naye akifuata nyayo za mtoto wake. Walikuwa hawasemezani tangu ule mstari uchorwe.

"Pole, dada," akasema Bi Mbuzi.

"Pole na wewe, mama mwenzangu."

Nyuma ya kichuguu wakasikia vicheko. Wakachungulia. Fisi na Mbweha walikuwa wameketi kwenye sinia moja. Pembe za nyati Fisi alikuwa amezivua, na moja waliitumia kuchotea mchuzi. Mifupa ya watoto wao wawili ililala pamoja. Hakuna aliyeitenga.

"Kesho nitukane zaidi," Fisi alikuwa akimwambia Mbweha. "Hawa wakipatana, mimi na wewe tutakula majani."

Wale mama walinyata kinyumenyume. Walirudi kisimani, wakasimama katikati ya vita, wakasema walichokiona. Punda akasema ni uzushi wa wanawake.

"Basi njooni mwone," akasema Bi Mbuzi.

Wakaenda wote, wenye damu na wenye tope. Fisi alipowaona akazidaka pembe, akazivaa juu chini, mchuzi ukimtiririka usoni. "Ndugu zangu wa damu," akaanza.

"Damu ya nani?" akauliza Bi Kondoo.

Fisi akageuka akimbie. Wenye pembe wakamchoma, wasio na pembe wakampiga mateke ya kiuno, na hata leo hajanyooka. Mbweha alikimbilia shimoni. Punda akasema yeye tangu mwanzo aliwashuku. Wakamvua kengele, wakambebesha tope la kisima, safari baada ya safari, mpaka maji yakarudi.

Ile mifupa, mama zao walijaribu kuitambua, huyu achukue wake na huyu wake. Hawakuweza. Wakaizika kaburi moja.

Mungu alituumba wengine na pembe, wengine bila pembe, na ugomvi hakuuumba Yeye. Akija mtu kukuambia jirani yako si ndugu yako, mwulize kwanza jana amekula na nani.

Hadithi nimeitua. Ikiwafaa, nendeni nayo. Ikimwuma mtu, basi imemfikia mwenyewe.