Baraza Alilolivunja Mselemu

Wanasema, "Baraza hufupisha njia." Naona mmecheka, maana baraza halitembei. Basi tulieni, mjue neno hili lilikotoka.

Bi Mwanahawa alikuwa na magoti mabovu na dada mmoja, Bi Shuweha, aliyelazwa na maradhi upande wa pili wa mji. Kila alasiri alikwenda kumwona. Katikati ya njia, mbele ya nyumba ya Mselemu, palikuwa na baraza la mawe. Hapo hukaa akapumua, kisha akaendelea na safari yake.

Mselemu akalivunja. Alichoshwa na wacheza bao waliopiga soga dirishani pake kutwa. Bi Mwanahawa alipofika akakuta ukuta mtupu. Kukaa chini angeweza. Kuinuka ndiyo kazi. Akarudi nyumbani. Siku ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. Alipoulizwa alisema ana shughuli, kwa kuwa aliona haya kukiri kwamba magoti yamemshinda.

Wiki ikapita, dada yake akatuma ujumbe: "Kama nimemkosea, anisamehe kabla sijafa."

Maneno hayo yalimchoma. Alasiri ile ile akashika mkongojo wake. Alipofika kwa Mselemu akapiga hodi, akaingia, akaketi kwenye kiti cha mwenye nyumba.

"Karibu, bibi," alisema Mselemu kwa mshangao. "Kuna jambo?"

"Hakuna, mwanangu. Napumzika tu."

Mgeni hafukuzwi. Ikabidi iletwe kahawa na halua, na jamaa wote waulizwe hali. Kisha Bi Mwanahawa akainuka, akafika kwa dada yake, wakalia wote wawili kwa furaha.

Kesho yake akaingia tena kwa Mselemu. Wazee wengine wakapata habari, na siku ya tano walikuwa saba sebuleni, mmoja anakoroma. Mke wa Mselemu akamvuta mumewe jikoni.

"Kahawa imekwisha, halua imekwisha! Wale wa bao angalau walikuwa nje. Warudishie wazee baraza lao."

Mselemu alicheka mpaka akashika mbavu, akamwita mwashi. Safari hii likajengwa juu kidogo, ili anayeinuka asipate taabu.

Siku lilipokamilika, Bi Shuweha alishangaa kumwona nduguye mapema.

"Leo umewahi! Magoti yamepona?"

"Magoti ni yale yale, dada," alijibu Bi Mwanahawa. "Baraza hufupisha njia."