Ngeu Ndani ya Ndiva

Kisa chaja!

— Kije, tumekaa!

Kale, wajukuu zangu, kale ile mlima ulipokuwa na msitu mpaka utosini, haujanyolewa kipara na wajuaji, watu wa Upare walichimba ndiva. Ndiva ni bwawa la udongo ubavuni mwa mlima. Jioni unaziba tundu lake, mfereji wa juu unalijaza usiku kucha. Alfajiri unazibua, maji yanashuka shamba kwa shamba, kila mtu kwa zamu yake. Wa mwisho, kule mkiani, anapata kilichobaki.

Mkiani kulikuwa na mjane mmoja na bintiye, Nankondo. Maji yamewaruka zamu mbili. Maharage yamekunja majani kama mikono ya maiti. Zamu ya tatu ikiwaruka, hata mbegu hawana.

Sasa huyo Nankondo alikuwa na ugonjwa: kuuliza. Marehemu baba yake alikuwa mpima mifereji, akitia mawe alama kwa ngeu, ule udongo mwekundu, na alimfundisha yote. Maarifa anayo, koneksheni hana! Mlinzi wa ndiva alikuwa Mrindoko, kwa sababu babu yake alikuwa mlinzi. Sifa nyingine? Msiniulize mimi.

Maji yakaingia, maji yakalala, asubuhi maji hayapo.

Nankondo akapanda ndivani kwa Mrindoko, akapiga goti, akamwamkia.

"Baba mkubwa, mfereji wa juu umejaa pomoni. Mbona ndiva ni ya magotini? Mengine yamekwenda wapi?"

"Yamenywewa."

"Na nani?"

"Na wazee wa kuzimuni."

"Wana kiu kiasi hicho? Wamekula nini cha chumvi?"

Watu wakacheka. Mrindoko hakucheka. "Binti, nani kakuteua uulize? Leteni pombe na mbuzi, maji yatarudi."

Mbuzi akaliwa. (Na nani? Nyie mna akili.) Maji yakaingia, maji yakalala, asubuhi maji hayapo.

Nankondo akawaza: maji hayana miguu, lakini hayakosi njia. Nitaijuaje njia ya kitu kisicho na rangi? Akakumbuka. Akafungua mkoba wa baba yake, ngeu ilikuwamo, bonge zima. Ndiva hakuigusa, maana ni mwiko. Jioni akaisugulia ngeu yote kwenye mfereji wa juu. Maji yenyewe yakaibeba mpaka ndani.

Kulipokucha akashuka akichungulia. Njia ya ng'ombe, kavu. Miwa ya jirani, kavu. Akafika kwenye magimbi ya Mrindoko, makubwa kama ngoma, yale aliyojivunia katika kila kilabu kuwa ni baraka za mizimu. Chini ya magimbi, tope jekundu! Maji mekundu yanachuruzika kutoka kwenye ufa ubavuni mwa mlima.

Akapiga yowe. Watu wakaja, Mrindoko akaja, mdomo wazi.

"Mimi... mimi nilijua mizimu inanipenda!"

Bibi mmoja akainama penye ufa. "Mizimu gani, Mrindoko, yenye miguu kumi?"

Akatoka kaa. Nyuma yake mwingine, na mwingine, magamba yote mekundu. Walikuwa wakitoboa ukuta wa ndiva tangu enzi, mpaka msimu huu mashimo yakawa mapana. Kwa nini hakuna aliyewagusa? Kwa sababu mababu waliwakuta kwenye chemchemi, wakasema: hawa ndio wenyeji, asiwaue mtu.

Vijana wakainua majembe.

"Mwiko!" akafoka Mrindoko.

"Baba mkubwa kasema kweli," akasema Nankondo. "Mwiko umekataza kuua. Kubeba haukukataza."

Majembe yakashushwa. Kisha vikapu vikaletwa. Kaa wakabebwa kama maharusi mpaka kijito cha juu. Ndiva ikakaushwa, ukuta ukachimbuliwa, ukajazwa mfinyanzi, ukakanyagwa kwa nyimbo kutwa nzima, wake kwa waume.

Maji yakaingia, maji yakalala, asubuhi... maji ya kifuani!

Mrindoko akazibua. Wazee wakampa ubavu wa mbuzi na kusifu ulinzi wake. Ndiyo, yeye! Mmeshangaa nini? Nankondo hakuitwa hata kulamba mfupa.

Wala hakuwapo. Alikuwa mkiani na mama yake, wamechutama, wanasikiliza. Jua likapanda. Kisha majani makavu yakaanza kutambaa mferejini, yanasukumwa. Nyuma yake maji. Yakaingia tuta la kwanza, la pili, la tatu.

Mama akayachota kwa kiganja. "Mbona yana wekundu?"

"Ni ngeu ya baba," akasema Nankondo.

Basi, wanangu, mwiko usiutupe, lakini uulize umekataza nini. Na anayeuliza msimtafutie aliyemteua. Kiu ndiyo iliyomteua.

Kisa nimekizibua. Kimepita kwangu, kiko kwenu. Atakayekizuia kisifike mkiani, kimkaukie kooni!