Aliyemkagua Jirani

Ndugu zangu, wivu nao una bidii yake. Nitawaambia habari za bwana mmoja, na msianze kugeuka kutazamana, simsemi mtu hapa.

Bwana huyu alifanya kazi kwenye kiwanda cha sabuni. Kampuni yenyewe iko kwenye soko la hisa, na kampuni za namna hiyo sheria inazibana: kila mwaka, mbali na kutangaza faida, zieleze maji machafu zinamwaga wapi na wafanyakazi wangapi wameumia. Kazi yake ilikuwa kuandika taarifa hiyo. Aliandikia mezani, chai pembeni. Anachukua ya mwaka jana, anabadilisha tarehe, basi.

Ng'ambo ya ukuta kulikuwa na kiwanda cha mafuta ya kula, na dada mmoja mwenye kazi kama yake. Mwaka huo taarifa ya dada ikasifiwa mbele ya wakurugenzi wote, akapigwa picha na tuzo mkononi. Loo! Bwana wetu chakula hakikupita. "Yule? Yule aliyeanza kazi juzi? Kadanganya tu!" Akataka kitu kimoja: dada yule anyang'anywe tuzo.

Akaanza kuchunguza. Wiki tatu nzima! Akafuata mtaro wa jirani mpaka mtoni, akahesabu vyoo vyao, akawahoji vibarua wao wakitoka zamu. Hatimaye akapata. Dada kaandika majeruhi wanne, kumbe ni watano! Mbio kwa mkaguzi wa serikali.

Mkaguzi akamsikiliza mpaka mwisho. "Umejitahidi, mzee. Huyo wa tano, dada mwenyewe alishatuandikia barua kusahihisha. Sasa twende kwako. Mtaro wenu unaishia wapi?"

"Aa... si kule nyuma?"

"Nionyeshe."

Wakazunguka, wakapotea, humo humo kiwandani kwake! Wakatokea chumba cha kuchanganyia dawa za sabuni. Mama mmoja alikuwa anakoroga kwa mkono mmoja, wa pili umefungwa kitambaa, vidole vimeungua. Mkaguzi akafungua taarifa ya bwana wetu. Majeruhi: hakuna.

"Bwana, mama huyu anaitwa nani?"

Bwana wetu akaanza kutafuta orodha ya zamu ukutani.

Mama akajibu mwenyewe. "Hanijui, mheshimiwa. Niko hapa miaka sita, leo ndiyo kwanza namwona."

Mnacheka? Chekeni. Sisi tunajua nani hapa kanisani hatoi sadaka, ndoa ya nani inayumba, binti wa nani karudi nyumbani na mimba. Tunajua mpaka tarehe! Na wa kwako je? Mkeo aliacha lini kuimba akipika? Mwanao anaogopa nini? Hujui. Ungejulia wapi, na wewe uko kwa watu unachungulia?

Mimi nawaomba kitu kidogo. Leo mkitoka hapa, kila mtu aende kwake moja kwa moja. Kaa chini na mwenzio, mshike mkono, umwulize: "Unaumia wapi?" Halafu nyamaza, umsikilize.