Mlango wa Jikoni kwa Bi Saumu

“Moshi haupigi hodi.” Mmeisikia leo sokoni mkacheka, kisha mkaja kuniuliza imetoka wapi. Kaeni basi, maana wengi huitamka bila kujua kuwa ilitoka kinywani mwa mwanamke aliyekuwa amekasirika. Methali hii ilianza hivi.

Bi Saumu alikuwa akikaanga sambusa na bagia za kuuza hapa Ngamiani, Tanga. Jiko lake lilikuwa chini, katika nyumba ya ghorofa aliyoiacha baba yake, na juu alilala mama yake, Bi Mwatime, ambaye miguu ilikuwa imekwisha nguvu. Kati ya jiko na ngazi palitundikwa pazia tu. Mwaka ule jirani yao wa nyuma, Bi Tatu, alifia chumbani mwake kwa moto uliowaka ukumbini. Moto wenyewe haukufika kitandani. Uliofika ni moshi. Saumu alikuwa mmoja wa waliouosha mwili ule. Haukuwa na hata lengelenge moja. Tangu siku hiyo akawa hawezi kulitazama pazia lake bila hofu.

Akaagiza mlango wa kuzuia moto. Fundi Abeid alipoufunga kwa bawaba mbili nyepesi zilizombakia kwenye kazi nyingine, Saumu alimwambia aung’oe aanze upya. Mlango mzito vile ulitaka bawaba tatu za chuma, usije ukainama na kuacha mwanya. Fundi akauliza kama na ule ukanda wa kuzibia moshi kwenye fremu ulikuwa wa lazima, maana yeye aliuona pambo.

“Ukipata joto unavimba, unaziba,” Saumu alisema. “Utie pande zote. Nikikuta umeruka hata pembe moja, utarudi.”

Juu ya mlango wakafunga mkono wa chuma wa kuurudisha mlango wenyewe kila ulipofunguliwa.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Kwetu nyumba iliyofungwa mchana ni ya bahili au ya mgomvi. Jirani hupiga hodi huku keshaingia, na anayekuta mlango umefungwa huondoka na kinyongo. Kingazi, kaka mkubwa wa Saumu, aliona aibu. Kila alipokuja aliweka tofali mlangoni ili usijifunge, na kila alipoondoka Saumu alilitupa uani.

“Unatufukuzia watu,” Kingazi alimwambia. “Baba hakufunga mlango mchana maisha yake yote.”

“Baba hakukaanga sambusa chini ya kitanda cha mama,” Saumu akajibu, wala hakuwa akitania.

Adhuhuri moja mafuta yakashika moto. Saumu alikuwa ngazini, akimpelekea mama yake chakula. Mwanamke aliyemsaidia kupika alikimbilia uani akipiga kelele, na Saumu akashuka mbio. Mlango wa jikoni ulikuwa umejifunga. Punde ukumbi ukajaa majirani na ndoo za maji, Kingazi akiwa mbele yao. Saumu akasimama akiuegemea mlango, mgongo wake ukipata joto.

“Ondoka hapo,” Kingazi alisema. “Watu wamekuja kutusaidia, utawazuiaje mlangoni?”

“Wazungukie uani, wachukue mchanga, maji wayaache. Hapa hapafunguliwi.”

“Saumu, mimi ni mkubwa wako.”

“Na aliye juu ni mama yako, na hii ngazi ndiyo njia yake pekee. Mtu hupiga hodi, ukamkaribisha au ukamkatalia. Moshi haupigi hodi, kaka. Ukifungua, utafika kwa mama kabla yako.”

Kingazi akanyoosha mkono kushika kitasa. Saumu hakusogea hata kidogo, ingawa machozi yalikuwa yakimtoka.

“Utanivunja huu mkono kwanza,” alisema. “Ukishauvunja, fungua.”

Kingazi akautazama uso wa dada yake, kisha akautazama mlango toka juu hadi chini. Upande ule jiko lilikuwa likinguruma. Upande huu hakuna hata uzi mmoja wa moshi uliokuwa umepenya. Akaushusha mkono. Akapanda ngazi, akashuka amembeba mama yao mgongoni, naye Bi Mwatime njia nzima akilalamika kwamba hajamaliza kula.

Wenye mchanga waliuzima moto kupitia uani. Jiko lote liligeuka jeusi na masufuria yakaharibika, lakini hakuna aliyedhurika.

Walipokuja kutoa pole, mzee mmoja alinung’unika kwamba yeye kazeeka mjini hapa na hajapata kuona mtu akiwafungia mlango waliokuja kumwokoa. Saumu akainua kichwa, tayari kwa ugomvi. Lakini Kingazi, aliyekuwa ameketi miguuni pa mama yake, alimtangulia.

“Alifunga, na atafunga tena,” alisema. “Moshi haupigi hodi.”