Jiwe la Matoroli

TAARIFA YA MGUSANO KATI YA CHOMBO CHA MAGURUDUMU NA KIFUNDO CHA MGUU WA MTUMISHI. Ijazwe nakala tatu.

Hapo zamani, si zamani sana maana fomu hiyo bado ipo, palikuwa na supamaketi juu ya mteremko mjini Mbeya. Tusekile alipanga bidhaa kwenye rafu. Ambakisye alikusanya matoroli nje. Mzee Lusajo alilinda mlango, na karibu naye lilikaa jiwe. Ukutani paliandikwa: matoroli sita kwa safari moja. Jiwe halikuandikwa popote, lakini ndilo lililoyazuia yasiteremke.

Jumamosi moja Ambakisye alisukuma kumi na nane kwa mkupuo, akayaegesha pale pale pa siku zote, bila kutazama. Jiwe halikuwapo. Matoroli yakashuka. Chini, bibi mmoja alikuwa akipanda na kikapu cha maparachichi, hana habari. Tusekile, aliyekuwa akirudi kutoka kunywa chai, akatanguliza mguu. Bibi akapona, maparachichi yakapona, mguu ukavunjika.

Sasa yuko kitandani, mguu kwenye plasta, fomu mapajani. Kisanduku cha tisa: *Aliyesababisha (jina moja tu)*. Kikiachwa wazi, hapati likizo ya matibabu. Kikijazwa, mwenye jina hana kazi.

Ambakisye akaja na ndizi. "Dada, niandike mimi. Nilipita sita. Ila tulikuwa wawili, wakampunguza mwenzangu, na wateja hawakupungua."

Mzee Lusajo akaja, kofia mkononi. "Mwanangu, jiwe nililitoa mimi. Gari la mama mjamzito lilikuwa linarudi nyuma, nikaliwekea gurudumuni. Niandike."

"Si ungelirudisha, baba?"

"Nilikuwa narudi nalo."

Meneja akaja na kalamu. "Mtu nilimpunguza kwa barua ya makao makuu, na barua haisukumi toroli. Jiandike mwenyewe, Tusekile. Mguu uliutanguliza wewe, na mgonjwa hafukuzwi."

"Na nikishapona?"

"Fomu haijafika huko."

Wakaondoka wote. Kalamu ikabaki.

Kilichotokea ni hiki: matoroli kumi na nane yaliteremka, jiwe lilikuwa njiani kurudi, na bibi mmoja alifika nyumbani na maparachichi yake. Je, ninyi mnaosikiliza, kisanduku cha tisa kilistahili jina la nani?