Kwa Nini Aliyepona Hushika Mikono ya Mganga Wake

Mmeniuliza kwa nini leo asubuhi bibi Nakiete hakumwacha yule mwanamke atoke mlangoni mpaka washikane mikono. Tena mmecheka chinichini, nimewaona. Basi kaeni vizuri, maana jambo hili halikuanza leo wala jana, na mkilijua mtaacha kucheka.

Kulikuwa na wakati, nao umekwenda zake siku nyingi, ambapo huku milimani mtu aliyeponywa hakushukuru. Si kwamba watu walikosa adabu. Waliogopa. Waliamini kwamba ugonjwa ukishatolewa mwilini hubaki palepale kwa mganga, umezubaa, haujui pa kwenda. Ukisikia sauti ya yule uliyekuwa ndani yake, humrukia tena. Kwa hiyo aliyepona aliinuka kimya, akampa mganga mgongo, akashika njia bila kugeuka. Haagi, hamgusi mganga, hasemi neno. Hiyo ndiyo iliyokuwa heshima ya siku zile, na watoto walifundishwa hivyo wangali wadogo.

Siku hizo alikuwapo mganga wa mikono aliyeitwa Nanzia. Hakuchemsha mizizi wala hakupiga ramli. Alimlaza mgonjwa mkekani, akanyamaza mpaka pumzi yake mwenyewe ikatulia, kisha akapitisha viganja juu ya mwili bila kuugusa, taratibu, kama mtu anayepapasa mlango gizani. Penye ugonjwa palimjia baridi kiganjani. Hapo aliweka mikono yake akaiacha. Joto lilitoka kwake likaingia kwa mgonjwa, na mgonjwa akahisi kitu kinatembea ndani kwa ndani, kinafungua palipoziba, hadi usingizi unamchukua. Wazee waliliita joto hilo uzima. Walisema kila mtu analo, ila kwa wengine limepata njia ya kutokea.

Nanzia aliipenda kazi yake. Lakini kila alipomaliza alibaki akisikiliza nyayo zinavyokwenda, na moyo ukamnywea. Akajikemea. "Unataka nini tena wewe? Si mtu amepona?" Miaka ikaenda hivyo. Kisha mikono yake ikaanza kupoa. Vilianza vidole, vikafuata viganja. Akaota moto, akaisugua, akaifunga kwa ngozi ya kondoo, wapi. Wagonjwa wakawa hawaponi, na mmoja mmoja wakaacha kuja. Nanzia akabaki na aibu yake, hakumwambia mtu.

Ndipo binti yake wa pekee, Namsi, akajifungua. Mtoto alikuwa wa kike, ametoka kabla ya wakati wake, mdogo mno, hana kilio, na mwili wake baridi. Walimfunika, wakakoka moto, Namsi akamlaza kifuani kwake, lakini joto halikukaa. Kulipopambazuka midomo ya mtoto ilikuwa imeanza kubadilika rangi.

"Mama," Namsi alisema, "umewaponya wa watu wote. Niponyee na wangu."

Nanzia akaweka mikono juu ya mjukuu wake. Kale katoto kakajikunja, kakatetemeka.

"Itoe, mama," Namsi akasema polepole. "Unamtia baridi."

Nanzia akainuka, akatoka nje, akaketi kando ya njia na kulia mbele ya kila apitaye.

Njia ile ilikwenda ndivani, kwenye bwawa ambalo watu walikusanyia maji ya kumwagilia mashamba. Siku hiyo ilikuwa siku ya kuzoa tope. Ilikuwa sheria yao kwamba yeyote ambaye shamba lake linakunywa maji ya ndiva lazima aje na jembe aisafishe, na mfereji wake pia. Wa kwanza kupita alikuwa Mgonja, mhunzi. Zamani mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, hawezi kuinua nyundo, na Nanzia ndiye aliyeufufua. Naye siku alipopona alitoa mgongo, akaenda zake, kama wenzake wote.

"Mama, kuna nini?"

"Mjukuu wangu ananiponyoka, Mgonja, na mikono yangu imekauka. Nilichokuwa nacho kimekwisha."

Mgonja hakuwa mtu wa maneno mengi. Alilitazama jembe lake, akamtazama mama wa watu pale chini.

"Kama ndiva hii tungekuwa tunachota tu, tusirudi kuisafisha, leo ingekuwa na maji?"

"Isingekuwa nayo."

"Basi mimi nilichota kwako nikaondoka. Shukrani yako natembea nayo kifuani tangu siku ile, inanikaba. Lete mikono, mama."

Nanzia akaificha mikono nyuma. "Usiniguse, mwanangu. Ugonjwa utakurudia, na mkono ndio unaokulisha."

"Ukirudi, umerudi. Mtoto hana muda wa kutusubiri."

Akaichukua ile mikono miwili ya baridi, akaifumbata ndani ya mikono yake iliyojaa sugu. "Ahsante, mama," akasema, na machozi yakamtoka.

Nanzia akahisi ncha za vidole zinawasha. Nyuma ya Mgonja watu wengine wa ndivani walikuwa wamefika, wakasimama wanatazamana kwa hofu. Kisha mwanamke mmoja aliyewahi kuugua homa ya uzazi akalaza jembe chini, akaja. Akafuata mwingine aliyekuwa haoni vizuri. Kila mmoja alishika, akashukuru, akampisha mwenzake, na wengine walilia kwa yale yaliyowakaa moyoni miaka yote. Joto likapanda mpaka viwikoni mwa Nanzia. Hapo akaelewa kwamba uzima haukuwa wake hata siku moja. Ulikuwa unapita tu kwake, kama maji mferejini, na watu kwa migongo yao walikuwa wameuziba mlango wa kurudia.

Akakimbia ndani. Akaweka mikono, akanyamaza, akangoja. Mtoto akajinyoosha kidogo. Midomo ikarudia rangi yake. Kisha akalia, kilio chembamba chenye hasira, na alipopewa ziwa akalikamata asiliachie.

Kule nje watu wakakisikia kilio, nao wakamgeukia Mgonja. Wote waliutazama mkono wake. Mgonja akaliinua jembe, akatangulia ndivani, akazoa tope mpaka jua likawa la utosi, na mkono haukumwuma wala kufa ganzi. Hata miaka mingi baadaye, ulikuwa mkono wa nyundo uleule.

Na tangu siku hiyo, huku kwetu aliyepona haondoki kwa kutoa mgongo. Humwelekea mganga, humshika mikono yote miwili, hushukuru, ndipo huenda. Mtoto yule aliitwa Nakiete, akakua, akawa mganga wa mikono, na jina limekuwa likirithiwa pamoja na kazi hadi kumfikia bibi mnayemjua.

Sasa yule mwanamke mliyemcheka asubuhi, alipoletwa hapa alikuwa amebebwa. Leo ameondoka kwa miguu yake. Alichokiacha mikononi mwa bibi ndicho atakachokipata mgonjwa wa kesho. Haya, inukeni. Bibi yuko uani anaanika mtama, na hakuna hata mmoja wenu ambaye hajawahi kulazwa kwenye mkeka wake.